Nilifagia Zizi, Mnunuzi Akakimbia

Jina langu lifiche, bwana mhariri, maana hapa Susuni wameshanicheka vya kutosha. Kosa ni langu peke yangu. Nilitaka kuuza mji wangu, yaani nyumba na zizi lake, nikauharibu kwa usafi!

Mke wangu, Mama Bhoke, ndiye aliyetaka tuhame. Mama yake ni mjane, macho yamefifia, na alikuwa akiishi peke yake kule Manchira. Nikamwahidi kwamba tutauza hapa, tukajenge karibu naye. Ardhi ni ya ukoo, haiuzwi, lakini nyumba, maghala, miti na zizi la mawe vina thamani yake, na wazee walikuwa wameshakubali.

Sasa mimi nimewahi kuwa dobi wa Wazungu kule Musoma. Mtu aliyezoea kufua mashuka meupe huona uchafu kila mahali, jamani! Nikapaka nyumba chokaa mpaka ikawa inaumiza macho. Kisha nikaingia zizini. Samadi ilikuwa inafika magotini. Nikaizoa yote, nikaitupa korongoni, nikamwaga changarawe. Ng'ombe nikawapeleka kwa dada yangu wasije wakanichafulia.

"Baba Bhoke, hiyo samadi iache," mke wangu akasema. "Mnunuzi ataangalia nini?"

"Ataangalia nyumba! Wewe uliyezaliwa zizini utajua nini?"

Nilimwambia hivyo mbele ya watoto. Naona aibu hata kuandika.

Mnunuzi akaja, mzee mwenye ng'ombe wengi. Nikampa shikamoo, nikaanza kumwonyesha ukuta. Hata hakugeuza shingo! Alikwenda moja kwa moja zizini, akachoma fimbo yake chini. Ikagonga changarawe, ko!

"Mura," akaniita, kama tunavyomwita kijana wa kiume, "mavi yako wapi?"

"Nimesafisha, mzee."

"Na ng'ombe?"

"Wako kwa dada yangu."

"Wamekufa kwa sotoka, sivyo? Sema ukweli, mura, mimi nina mifugo."

Nikaapa kwa kila kitu. Mzee alikuwa ameshashika njia, anapangusa miguu kwenye majani asije akabeba ugonjwa. Kwetu mtu akitaka kujua kama ng'ombe wanastawi mahali, hutazama samadi. Ikiwa nene, wamekaa hapo wazima miaka mingi. Na mimi yangu nilikuwa nimeitupa korongoni, mjinga mkubwa!

Habari zikafika mnadani kabla yangu. Ng'ombe niliwarudisha wote, wamenona, lakini wapi! Hakuna mnunuzi mwingine aliyekanyaga kwangu.

Mama Bhoke hakunigombeza. Alifunga khanga yake, akaenda Manchira, akarudi amemshika mama yake mkono.

Wakurya wenzangu hapo mmeshashika vichwa. Ninyi wengine, jueni kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kulala nyumba moja!

"Na mimi nitalala wapi?" nikauliza.

"Si uliahidi kuhama?" akasema mke wangu. "Basi hama."

Wazee wa ukoo walicheka mpaka machozi. Wakaamua nijenge kibanda ndani ya lile zizi, maana kuta zake ni ndefu, mimi na mkwe hatutaonana. Ng'ombe walijengewa zizi jingine. Ugali wangu Bhoke huupitisha juu ya ukuta, na akinipa hucheka.

Juzi nikamsikia mama mkwe, amekaa mlangoni, akimwambia binti yake, "Mwanangu, nyumba hii naiona. Kule kwangu nilikuwa napapasa." Moyo ukanijaa! Nilitaka kupaza sauti kwamba chokaa ile niliipaka mimi, nikakumbuka kwamba mkwe hasemeshwi.

Ndugu yangu unayetaka kuuza mji, samadi iache mahali pake, na ng'ombe wawepo. Na mkeo akikushauri, msikilize. Usithubutu kumwambia amezaliwa zizini. Mimi ndiye ninayelala humo sasa, na alfajiri kuna baridi, we acha tu!