Gari Lililogeuzwa Kila Jumapili

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa dogo: gari lililosimama miaka mitano linawezaje kuwa na matairi ya mviringo? Nilikuwa nimeshalijibu kwa maandishi, nikatia sahihi, na Mthamini Mkuu akanipongeza mbele ya ofisi nzima. Lakini kila nikifumba macho nilimwona mwenye gari akikunja ripoti yangu mara nne, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Mwezi uliopita niliacha kazi ya kuthamini magari hapa Eldoret. Sijafikia umri wa kuitwa nyanya, ila katika ofisi ile hakuna aliyekuwa amekaa kunizidi. Vijana wawili walioajiriwa kuchukua nafasi yangu waliniomba niwaandikie jinsi kilomita na umri vinavyoamua bei ya gari la spoti. Nilianza kuandika kanuni, nikajikuta ninaandika kuhusu matairi yale.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimechelewa kwa sababu nilirudi mara mbili nyumbani Pioneer kuhakikisha nimefunga mlango. Ofisi ilikuwa orofani, juu ya duka la mbegu na mbolea, na harufu ya mbolea ilipanda nasi ngazi kila asubuhi. Mthamini Mkuu alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kijivu alilovaa hata jua likiwaka. Alitazama cheti changu cha uhandisi upande wa mbele, akakigeuza nyuma kana kwamba huenda kuna kitu cha maana zaidi huko, kisha akanipa tochi, kitambaa, na sumaku ndogo iliyofungwa kwa soksi ya mtoto.

“Injinia,” alisema, “digrii yako sasa ni hii. Pitisha sumaku kwenye bodi. Ikishika, hapo ni bati. Ikianguka, hapo kuna siri.”

Siri ilikuwa lapulapu, ile simiti laini ambayo mafundi hujazia bati lililobonyea kabla ya kupaka rangi. Nilijifunza kuisikia hata bila sumaku, kwa kugonga na kifundo cha kidole: bati hulia, lapulapu hunyamaza. Nilijifunza kutazama mpira wa pedali ya klachi, maana mguu wa dereva huula kidogo kidogo, na kutazama ukingo wa kiti upande wa mlango, mahali mtu anapojikwangua akishuka. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma na fundi mjanja kabla chai haijapoa. Pedali huwezi kuirudisha ujana wake.

Kuhusu magari ya spoti, Mthamini Mkuu alikuwa na somo lake alilolitoa akiwa dirishani, akitazama barabara. Pikapu ikiwa na kilomita nyingi, alisema, mkulima huipenda, husema imezoea shida. Gari la spoti likiwa na kilomita nyingi, mnunuzi huisikia kila kilomita ilivyokimbizwa. Umri nao una tabia yake. Miaka ya mwanzo gari hilo huanguka bei vibaya, kwa sababu anayelitaka anataka aonekane na jipya. Baadaye, likiwa halijagongwa wala kubadilishwa injini, linaacha kuanguka. Linakaa pale pale, na likiwa na kilomita chache linaanza hata kupanda, kwa kuwa yale mengine ya rika lake yamekwisha. Mjini kwetu wanunuzi wake walikuwa wanariadha waliorudi na zawadi za mbio za ng'ambo, vijana waliojua thamani ya kila sekunde.

“Kwa hivyo kilomita chache kwenye gari la zamani ni dhahabu,” nilisema.

“Ni dhahabu, au ni mwizi. Kazi yako ni kujua ni ipi kati ya hizo.”

Nilikuwa na miezi miwili kazini, bado kwenye majaribio, Ochieng' alipoleta gari lake. Alikuwa mtaalamu wa maabara aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali kule Plateau, mtu mrefu mwenye sauti ya kunong'ona. Gari lilikuwa na viti viwili, rangi ya buluu iliyopauka kidogo, kama ziwa linavyokuwa asubuhi kabla upepo haujaliamsha. Nilisahau kuwasha tochi. Nilisimama tu nikilitazama, na kwa muda nikahisi kwamba ni lenyewe lililokuwa likinithamini.

Alinieleza habari zake kwa ufupi. Alikuwa amelinunua baada ya mkataba wa kazi Arabuni, na majirani wa Plateau wakamcheka: Ochieng' ana watoto wanne na gari la viti viwili, wengine atawaweka kwenye boneti? Akapanga zamu. Kila Jumamosi mtoto mmoja alipelekwa mjini na kurudishwa, na siku nyingine zote gari lilibaki chini ya turubai. Kisha zikaja vurugu za baada ya uchaguzi. Yeye na familia yake walipanda lori la magunia kwenda Kisumu na vyombo vichache, na nyumba yao ikabaki majivu. Gari lilibaki kwa rafiki. Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa umepita kwa amani, na alitaka kuliuza ajenge upya kwenye kiwanja chake. Mwanariadha mmoja alikuwa tayari kulinunua, akisubiri ripoti yetu tu.

“Rafiki gani?” niliuliza.

“Rafiki,” alisema.

Mita ilionyesha kilomita chache mno. Pedali zilikuwa changa, kiti hakikuwa na mkwaruzo, na meno ya matairi yalikuwa bado marefu. Yote yalimtetea. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kufikiria jambo mpaka linavunjika, nikakumbuka kanuni ya darasani: gari likisimama mahali pamoja muda mrefu, uzito wake huketi juu ya sehemu ile ile ya tairi, na tairi huwa bapa upande wa chini. Nililisogeza, nikapiga magoti, nikapapasa kila tairi kwa viganja. Yote manne yalikuwa mviringo kabisa. Basi gari hili halikusimama. Na kama halikusimama, lilikuwa likitembea, na kilomita zake ziliondolewa, na pedali na kiti vilibadilishwa na mtu anayejua kazi. Nilijisikia mwerevu. Niliandika: Kilomita zinatiliwa shaka. Kwa maneno hayo bei ya gari la spoti huanguka hadi ile ya vipuri vyake.

Mthamini Mkuu alisoma sababu zangu kwa sauti. “Sasa umekuwa mthamini,” alisema.

Mwanariadha alijitoa siku hiyo hiyo. Watu wa yadi za magari wakaanza kumwita Ochieng' fundi wa kuchonga kilomita. Alirudi ofisini mara moja tu, akasimama mbele ya meza yangu na ripoti mkononi.

“Madam,” alisema kwa ile sauti yake ya chini, “hapa niliondoka nikikimbia. Nilitaka kurudi nikitembea. Sasa umeandika mimi ni mwizi.”

Akaikunja mara nne, akaondoka.

Jumamosi niliabiri matatu hadi Plateau. Nilimkuta kwenye kiwanja chake akifyeka magugu kuzunguka msingi uliobaki. Nilimwambia sina usingizi, na kwamba nataka kuona mahali gari lilipolala. Aliendelea kufyeka kwa muda. Kisha akaniuliza kama ninaweza kuona kitu nisitaje mtu. Nikasema ninaweza, kisha nikaanza kufikiria kama kweli ninaweza, na bado nilikuwa nikifikiria tulipokuwa tumepita Turbo juu ya boda boda, mashamba ya mahindi yakitiririka pande zote mbili kama maji ya kijani, karibu na Chepsaita.

Rafiki alikuwa mkulima mzee wa huko huko, si wa kabila la Ochieng'. Hadi leo simtaji. Alikuwa amewahi kulazwa Plateau kwa miezi mitatu akiwa amevunjika nyonga, na Ochieng', akimaliza kazi zake za maabara, alikuwa akipita wodini kumsalimu na kumsaidia kugeuka kitandani. Urafiki wao ulianzia hapo.

Alitufungulia ghala. Mwanga uliingia kupitia nafasi za mbao, ukawa mistari mirefu iliyojaa vumbi la mahindi, na vumbi lilipanda na kushuka bila haraka, kama kitu kinachopumua usingizini. Katikati palikuwa wazi, urefu wa gari dogo. Nikaona ukuta. Kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa changu, mbao zilikuwa na alama za makaa, vijistari vifupi, safu juu ya safu.

“Mgonjwa aliyelala asipogeuzwa anatoka vidonda,” mzee alieleza, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua. “Hiyo nilifunzwa na huyu. Basi hii gari alipoacha kwangu, tulifunika na magunia. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisa nilikuwa nasukuma urefu wa mkono mmoja mbele. Jumapili ingine, mkono mmoja nyuma. Ili isitoke vidonda.”

Nilisogelea ukuta.

“Hizi ndogo je?” niliuliza. Baadhi ya vijistari vilikuwa vifupi na vimeinama.

“Hizo ni za mama. Nilikuwa na malaria.”

Mkewe, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, alisema kwamba mzee mwenyewe alisukuma vibaya kuliko yeye, ila anajua kuchora mistari mirefu.

Nilianza kuhesabu. Nilihesabu nikafika mwisho, nikarudia kwa kuwa sikuamini, na mara zote mbili nikapata Jumapili za miaka mitano, isipokuwa chache.

“Unahesabu?” mzee aliuliza. “Sawa, hesabu. Mimi nilikuwa nasukuma tu.”

Nilimweleza kuwa fomu yetu inataka jina la mtunzaji, na kwamba jina lake lingemsafisha Ochieng' mara moja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma aliyesoma sana.

“Msichana wangu, wakati ule kuna watu walikuja hapa kuuliza kama nimeficha kitu ya mtu. Nilisema ni mahindi. Wengine ni majirani mpaka leo, tunachota maji pamoja. Watoto wangu wanaoa hapa. Jina langu wacha ibaki kwa ghala.”

Ochieng' alikuwa ametazama chini. “Ndiyo sababu sikusema,” alisema.

Niliporudi Pioneer jioni hiyo nilijua kwamba nilichokiita ushahidi wa wizi ndicho kilichokuwa ushahidi wa uaminifu. Matairi yalikuwa mviringo kwa sababu mtu alikuwa ameyahurumia.

Vijana wangu, baada ya hapo nilipelekwa vituo vingi. Nilikaa Kitale chini ya Msimamizi wa Kanda aliyethamini matrekta kwa kuyanusa, nikakaa Kapsabet chini ya Mkaguzi wa Bima aliyeamini kwamba kila ajali ni ya makusudi, nikarudi Eldoret na kukalia kiti kile kile cha dirishani. Kanuni za kilomita na umri mtazipata kwenye faili la kijani, na ni za kweli. Lakini hakuna safu iliyochapishwa ya kuandika jinsi gari lilivyosubiri. Kilomita zinasema lilikwenda umbali gani. Umri unasema lilizaliwa lini. Ninapofumba macho sasa ninaliona lile la buluu likisogea mkono mmoja mbele, mkono mmoja nyuma, gizani mwa mahindi, katika mwendo ambao hakuna mita iliyoundwa kuuhesabu. Na bado ninajiuliza ni magari mangapi niliyaona katika miezi ile miwili ya kwanza na tochi, nikayahukumu kwa haraka. Sitajua.

Jumatatu ile nilimweleza Mthamini Mkuu kila kitu isipokuwa jina. Alisikiliza akiwa dirishani.

“Fomu ina nafasi mbili,” alisema. “Jina la mtunzaji, au ‘inatiliwa shaka’. Na usisahau uko kwenye majaribio.”

“Kuna nafasi ya shahidi, chini.”

“Shahidi wa nini?”

“Wa alama za ukutani. Nimeziona.”

“Ikija kuwa ni uongo, Injinia, hatatafutwa mzee wa ghala. Utatafutwa wewe.”

Njiani kutoka nyumbani nilikuwa nimetunga majibu matano ya sentensi hiyo. Sikutumia hata moja. Ofisini mwetu ripoti iliyofutwa hukatwa kwa wino mwekundu na kubandikwa kwenye mlango wa kabati, ili kila aingiaye aone nani alikosea. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata ripoti yangu kuanzia kona hadi kona, ile ile iliyonifanya niitwe mthamini, nikaibandika mwenyewe. Kisha nikajaza fomu mpya: kilomita ni za kweli, matairi ni ya mviringo kwa kuwa gari liligeuzwa kila juma, uthibitisho ni alama za makaa katika ghala moja upande wa Turbo. Mahali pa mtunzaji nikaweka kistari. Mahali pa shahidi nikaandika majina yangu yote matatu.

Nilishuka ngazi bila kurudi kuangalia kama nimefunga mlango. Ochieng', niliyemwomba aje siku hiyo, alikuwa ameegemea gari lake mbele ya duka la mbegu. Nilimwambia nilikosea, nikampa karatasi. Aliisoma amesimama, akafika chini palipokuwa na jina langu. Hakuikunja.