Mashine Iliyosikilizwa Mteremkoni Meru

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa reki. Hospitali ya misheni iliyoniajiri, huku juu kwenye miteremko ya Meru, ilizalisha umeme wake yenyewe kwa maji ya kijito, na kazi yangu ilikuwa kusafisha chujio, yaani nondo zilizopangwa mdomoni mwa bomba ili majani ya migomba yasiingie mashineni. Nikauliza nitaanza lini kujifunza umeme. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye goti bovu na utani usiokwisha, akanijibu, "Umeme ndio huo unaopita hapo kwenye reki yako, mwanangu. Endelea."

Ninyi mliozoea kununua uniti kwa simu, ngoja niwaeleze. Mtambo mdogo hauna akiba. Maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha jenereta, na kila kinachowashwa ni mzigo mgongoni mwake. Sisi mafundi tunauita lodi. Lodi ikizidi, mashine hunguruma kwa sauti nzito na taa zote hufifia. Ikipungua ghafla, mashine hukimbia na taa huungua. Ndiyo maana mtu wa zamu hukaa mkono kwenye koki kubwa ya maji, akisikiliza. Nilipopandishwa kutoka kwenye chujio, Fundi Mkuu alinifunika macho kwa kofia yake akaniuliza, "Haya, nani amewasha nini?" Nilikosea sana, naye akacheka sana.

Tulikuwa na desturi. Kabla ya upasuaji kengele iligongwa, na nyumba zote za wafanyakazi zikazima kila kitu, hata kama wali ulikuwa nusu mbichi. Hakuna aliyenung'unika.

Sasa, Juni moja shule zimefungwa, mke wangu alishikwa na uchungu wa uzazi wetu wa kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, wakampeleka thieta. Ulikuwa mchana, lakini ukungu ulishuka mpaka madirishani, maji ya kijito yamepungua, na jenereta ya mafuta imefunguliwa vipande ikisubiri spea. Kengele ikagongwa. Mashine haikupata nafuu, ikazidi kulemewa. Simu ya ukutani ikalia, Matroni huyo: "Taa ya thieta imekuwa nyekundu! Na Mganga Mfawidhi ameshaanza!"

Nilitaka kukimbilia nyumba za wafanyakazi nione nani hajazima. Fundi Mkuu akanishika shati. "Wewe baki na koki. Masikio yako sasa yamepita yangu." Akaupanda mlima mwenyewe, na goti lake lile.

Kumbe walikuwa watoto wa wafanyakazi. Wazazi wako kazini, baridi inauma, basi wamewasha majiko ya umeme na kuyazunguka waote, kama tuotavyo moto wa kuni jikoni kwetu. Kengele waliisikia, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inawahusu na wao.

Sijawahi kuogopa kama siku ile. Niliomba kwa Kimeru, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia. Kisha ngurumo ikapungua kidogo: mzee amefika nyumba ya kwanza. Nikapunguza maji kidogo, isije ikakimbia. Ikapungua tena, nikapunguza tena. Nyumba kwa nyumba nilijua alipofika, na kila jiko lililozimwa nililisikia mkononi. Hatimaye mashine ikatulia, nami nikasubiri simu.

"Ni wa kike," Matroni akasema. "Na mama yake anauliza kama umekula."

Mganga Mfawidhi alitaka wazazi wote wapewe onyo. Fundi Mkuu akamwambia, "Daktari, watoto wale hawajawahi kuisikia mashine. Nipe mimi Jumamosi zao." Tangu hapo walikuja mashineni, mmoja wao anatumwa nyumbani kuwasha jiko, wenzake wameweka viganja ukutani wakisikia mashine inavyoelemewa. Mzee alipostaafu nikarithi cheo chake na watoto wake wa Jumamosi, mpaka nguzo za gridi zilipotufikia na mtambo ukapumzishwa.

Nami nimepumzika. Naishi na mke wangu Sekei, mjini Arusha, kwa Aneth, yule yule mtoto wa kike wa siku ile. Watoto wake, Glory na Brayan, huacha taa zinawaka vyumba vitupu na televisheni inajihubiria yenyewe. Nikifoka, wananiita Babu Swichi. Nawapenda, lakini iliniuma kwamba sina mashine ya kuwasikilizisha.

Jumapili jioni Aneth alileta chupa ya likya, wiski iliyochanganywa na krimu ya maziwa. Mimi ni mzee wa kanisa na pombe kali sikuwahi kuigusa.

"Onja tu, baba. Umestaafu."

Ni tamu, halafu inawasha kifuani. Mke wangu naye akaonja. "Haya maziwa yana hasira," akasema, na akaisogeza glasi yake iongezwe.

Likya ikanifungua mdomo, nikawasimulia habari ya ile Juni. Hata Aneth hakuwahi kuisikia yote. Brayan aliyacheka yale majiko. Glory hakucheka.

"Babu, na wale watoto wasingezima?"

Bibi yake akawahi kumjibu. "Basi leo babu yako angekuwa peke yake, bila mimi wala mama yako."

Glory akainuka. Nikasikia swichi ya chumbani, ya jikoni, ya varandani. Akarudi sebuleni akaweka kidole kwenye ya mwisho, akaitazama ile taa juu ya kichwa cha mama yake, kisha akautoa mkono.

"Hii inabaki," akasema.