Chumvi Iliyokauka Kivulini

Nakumbuka, mwanangu, alasiri niliyofunga sanduku langu la bati ili niache shule mjini Lodwar. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa baba kule Lopur, nami nilikuwa nimefeli kemia tena. Shangazi yangu aliuza chai Kakuma, nikaona heri nikamsaidie kukaanga maandazi kuliko kukalia dawati bure.

Mwalimu wetu wa kemia, mama mpole aliyehamia kwetu kutoka Kakamega, hakunikaripia. Alikoroga chumvi ya jikoni katika maji ya moto, akaimimina kwenye sahani mbili. Moja akaiweka juani, nyingine kivulini ndani ya maabara. Akaniomba nisisafiri mpaka zote zikauke. Nilikubali kwa kumstahi tu, maana mkubwa hakataliwi ombi dogo.

Ya juani ilikauka siku hiyohiyo, ikaacha punje ndogondogo zilizosongamana kama unga. Ya kivulini ilinichosha kungoja. Lakini aliponiita niitazame, nilikuta vijiwe angavu vyenye nyuso bapa na pembe za mraba, kama dadu. Nikamuuliza nani kavichonga.

Akasema hakuna aliyechonga. Ndani ya chumvi, atomu za sodiamu na za klorini zimepata chaji tofauti za umeme: zisizofanana huvutana, zinazofanana husukumana. Basi kila moja hujizungushia za aina ya pili, kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mpangilio huo ukijirudia ndio huzaa mchemraba.

"Chumvi ni ileile," akaniambia. "Ya juani ilikosa muda wa kukua. Wewe si mjinga, binti yangu. Umeharakishwa."

Nililia, mwanangu, kisha nikafungua sanduku. Nikarudia darasa. Leo nimezeeka nikifundisha kemia Kakuma, na kifungua mimba wangu anaitwa kwa jina la mama yule. Mwalimu aliwahi kumbeba mtoto huyo kabla hajatutoka, nami nikawahi kumwambia asante.

Subira huvuta heri, walisema wa kale. Mimi naongeza kwamba hata subira huhitaji mtu wa kukaa nawe. Usijipime kwa waliotangulia kufika. Chagua vyema unaokaa karibu nao, kwani hao ndio wanaokupa umbo. Na aliyekungojea, mshukuru angali anasikia.

Akuj, Mungu wa wazee wetu, akunyeshee mvua ya wakati wake, na nyumba yako isikose watu wa heri.