Rinda lililoshonwa kwa vipimo vya gari

Saa tatu na robo asubuhi, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko la Kitale, Linet Nanyama ameshika pasi ya umeme mkononi lakini hajaichomeka. Anagonga ukuta wa mabati mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Ian, mko kona?"

"Tuko kona, mama Chesang. Ngoja," sauti inajibu kutoka upande wa pili.

Linet anangoja. Upande wa pili ni chumba cha gemu cha Ian Kipkosgei, chenye runinga nne na mashine nne za kuchezea. Chumba hicho na baraza la Linet vinakula umeme wa mita moja. Pasi ikichomekwa, runinga hufifia, na gari lililo katikati ya kona huishia ukutani. Baada ya ugomvi wa wiki nzima walikubaliana kwamba Linet atapiga pasi mbio zikiisha.

"Haya, washa sasa."

Anachomeka, anapima moto kwa kidole kilicholowa, kisha anaanza kunyoosha rinda la zambarau lenye kola nyeupe. Pasi inapita polepole juu ya mishono ya kiuno, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Chini ya meza, juu ya vitambaa vilivyobaki, bintiye Chesang wa mwaka mmoja na nusu amelala, kidole mdomoni.

Rinda hili ni la pili. La kwanza lilikataa kumwingia mwenyewe. Mwenyewe ni Mama Pauline Nelima, kiongozi wa kwaya ya akina mama huko Bungoma, na leo saa sita anafika Kitale kulijaribu. Likimkaa, Linet atashona mengine thelathini na matatu. Lisipomkaa, kwaya itatafuta fundi mwingine, na chumba anachotaka kukodi, chenye mlango na kufuli, hatua kumi tu kutoka hapa, kitachukuliwa na mpangaji mwingine mwezi ukiisha. Kwa sasa anashonea barazani, na mvua ya Kitale haijui kunyesha ikienda chini tu. Huingia kwa ubavu.

"Nimeshona miaka tisa," anasema. "Sijawahi kumvalisha mtu gari."

Ukisikia maneno hayo bila kujua yalikotoka, utadhani Linet anatania. Hatanii.

Mama huyu wa miaka 31 alizaliwa Ndalu na kufundishwa cherehani katika chuo cha ufundi cha kijijini. Alihamia Kitale baada ya kuolewa na Kiplagat, dereva wa trekta kule Saboti. Mwaka wa 2006 alipata baraza hili kwa kodi ya shilingi mia sita, bei ambayo wengine waliikimbia kwa sababu ya kelele za jirani.

"Mimi pia nilichukia hizo kelele," anasema. "Lakini kama ni lazima ungoje ndiyo upige pasi, utafanya nini? Nilikuwa nasimama kwa mlango naangalia."

Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Alichokiona kwenye zile runinga ni kile ambacho fundi wa nguo hukiona mtu akiingia dukani. Vijana walikuwa wakichagua gari lenye nguvu kuliko yote, kisha kila kona linawatupa nje.

"Nikamwambia Ian, hiyo gari haina makosa. Imembana huyu kijana kwa makwapa. Wakanicheka mpaka wengine wakaangusha pedi za kuchezea."

Ian, mwenye miaka 24, anakiri kwamba alicheka kuliko wote. Hata hivyo alimwonyesha ukurasa ambao wachezaji wengi huupita haraka, ule wa kurekebisha gari kabla ya mbio. Humo mna springi za mbele na za nyuma, breki, gia, na kimo cha gari kutoka barabarani. Kila kimoja kina namba kuanzia moja hadi hamsini.

"Nikasema, kumbe hii ni karatasi ya vipimo," Linet anakumbuka.

Majina ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye ukurasa huo hayakumkaa kichwani, kwa hiyo aliyabadilisha. Springi za mbele akaziita bega. Springi za nyuma, nyonga. Breki zikawa kiuno, kwa kuwa ndizo zinazobana. Kimo cha gari kikawa urefu. Gia akaziita kifua, "kwa sababu ndiko pumzi inatoka." Mpangilio mzima wa gari moja akauita kipimo, na leo hakuna mchezaji mtaani anayeutaja kwa jina lingine.

Kazi yake huanza kwa kutolitazama gari. Humkalisha mchezaji, humwambia azunguke mara tatu kwa gari la kuazima, naye husimama pembeni akiangalia mabega na vidole gumba.

"Kuna mtu ana haraka ya kuingia na uoga wa kutoka," anaeleza. "Huyo ukimpa breki kali unamuumiza. Mlegezee kiuno kidogo, umpe nyonga pana. Gari ni moja, lakini watu si moja."

"Mimi nimecheza tangu nikiwa shule ya msingi," anasema Ian. "Yeye hawezi kumaliza hata raundi moja, anagonga miti. Lakini akikupimia, bana, unajishangaa kama ni wewe unaendesha."

Vipimo hivyo huandikwa kwenye vipande vya karatasi ya kaki, ileile anayokatia ruwaza za nguo, na nakala hubaki nyuma ya daftari lake la wateja. Kufikia sasa viko sitini na kimoja. Yeyote anayetaka hunakili na kuondoka nacho. Ian aliwahi kushauri viuzwe shilingi kumi kimoja, Linet akakataa.

"Kipimo cha mwili wa mtu hakijawahi kuwa changu cha kuuza. Nauza nguo. Mimi nataka kitu kimoja tu, ukitumia urudi uniambie kinabana wapi."

Na watu hurudi. Vipimo vyake vimefika Kiminini, vikapanda hadi Ndalu kwao, vikateremka hadi Bungoma. Huko, katika chumba cha gemu cha Hesbon Wekoye karibu na Kanduyi, vimeandikwa ukutani kwa kalamu ya wino mzito, kuanzia dari hadi usawa wa benchi. Hesbon hajawahi kukutana na Linet ana kwa ana. Wao ni watu wa ujumbe wa simu. Mmoja wa jumbe zake za kwanza bado umo kwenye simu ya Linet: "Mathe gari inarara kwa kona. Nipunguze wapi." Alimaanisha gari inalala ubavu ikipinda.

"Nikamjibu, usipunguze, ongeza nyonga mbili," anasema Linet akicheka. "Na ikaacha kurara."

Hesbon ndiye aliyempelekea mama yake sifa za fundi wa Kitale. Mama yake ni Pauline Nelima. Kwaya ilikuwa inahitaji sare za tamasha la mwezi wa nane, na mafundi wawili wa karibu walikuwa wamewaangusha. Ikaamuliwa Linet ashone rinda moja la kiongozi kwanza, walione.

Hapo ndipo mambo yalipopindana.

Hesbon alimwahidi Linet jumbe mbili. Jumatatu angetuma kipimo cha gari alilokuwa amelirekebisha mwenyewe, fundi akikague. Jumatano angetuma vipimo vya mama yake. Lakini jirani mwenye tepu akapita kwa Mama Nelima mapema, na Jumatatu hiyohiyo vipimo vya mama vikatumwa. Vya gari vikafuata Jumatano. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Bega 16 kifua 42 kiuno 36 nyonga 46 urefu 48." Wa pili: "Bega 14 kifua 34 kiuno 27 nyonga 37 urefu 45." Hakuna hata mmoja uliokuwa na jina.

"Ni mimi niliwafundisha kuandika hivyo," Linet anasema, akilikunja rinda juu ya meza. "Siwezi kulaumu mtu. Nilishangaa kidogo, maana kwa simu Mama Nelima ana sauti nzito. Nikasema basi, huyu ni mwembamba mwenye sauti."

Akakata kitambaa alichokinunua kwa shilingi 1,100 zake mwenyewe, akashona siku tatu, akalituma rinda kama kifurushi. Mama Nelima alilivaa rinda hilo mbele ya kamati ya kwaya.

"Lilifika hapa," Mama Nelima atasimulia baadaye, akionyesha chini ya mbavu. "Hesbon ananiuliza, mama, umekwama? Nikamwambia, nimekwama. Wakanivua watu watatu."

Hesbon akatazama simu yake, akaelewa, akatoka nje kucheka asionekane. Mama yake hakucheka. Alimpigia Linet.

"Fundi. Ati umenishonea gali?"

Linet akakubali kosa, akaomba ashone lingine kwa kitambaa chake mwenyewe. Mama Nelima akakubali, kisha akaongeza neno ambalo limemkalia Linet kifuani kwa wiki mbili: "Nakuja mimi mwenyewe nipimwe na macho yangu yakiona. Na ujiamulie, fundi. Ni watu ama ni magari."

Linet alisema tu, "Nimesikia, mama."

Na kuna jambo moja ambalo hakuthubutu kulisema kwa simu. Vipimo vya Mama Nelima, alivyodhani ni vya gari, alikuwa ameshavitoa. Ian alivijaribu, akavipenda. Vijana wa Kiminini wakavinakili. Kufikia wakati kosa linajulikana, vilikuwa Ndalu, na havikuwa na namna ya kurudi.

Saa sita na dakika ishirini, Mama Nelima anaingia uchochoroni. Ni mwanamke mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kufuatwa na wengine thelathini, na mkoba ameushika mbele kwa mikono miwili.

"Mulembe," anasalimia.

"Mulembe muno, mama. Karibu."

Mazungumzo ni machache. Linet anaitoa tepu shingoni mwake na kumpima upya palepale, akizitaja namba kwa sauti, kisha anazilinganisha na zile za ule ujumbe wa Jumatatu alizolishonea rinda. Zinakubaliana. Anafunga shuka kwenye pembe ya baraza, mgeni anaingia nyuma yake.

Anapotoka, zambarau imemkaa. Anainua mikono yote miwili juu, kama anavyowainulia waimbaji wake. Anaishusha. Anavuta pumzi mpaka mbavu zinatanuka, kisha anaachia sauti moja ndefu, nene, inayojaza uchochoro wote. Chesang anaamka na kuketi. Upande wa pili wa mabati, injini za gemu zinanyamaza.

Mshono wa kiuno haukatiki hata uzi.

"Makwapa yamekubali," Mama Nelima anasema. Kisha anaketi kwenye stuli. "Sasa yale mengine. Umeamua?"

Linet anamnyanyua mtoto, anampakata.

"Mama, siwezi kuacha. Wewe mwenyewe umenijua kwa sababu ya hayo magari. Lakini nimenunua daftari la pili. La watu ni la bluu, la magari ni hili jekundu. Na kuna kitu sijakwambia. Vipimo vyako viliingia kwa gari. Watu wanaviendesha mpaka Ndalu."

"Vyangu? Hii nyonga yangu?"

"Hiyohiyo, mama. Arobaini na sita."

Mama Nelima anatazama chini, analainisha rinda magotini. Ian amechungulia mlangoni, na sasa anajuta kuchungulia.

"Na hiyo gari," Mama Nelima anauliza, "iko na mbio?"

"Haina mbio sana," Linet anasema. "Lakini tangu itoke hapa, haijawahi kulala kwa kona."



"Basi hapo mmenipima sawa," Mama Nelima anasema, na mabega yake yanaanza kutikisika kabla kicheko hakijasikika.

Kutoka kwenye mkoba anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni orodha ya akina mama thelathini na watatu, kila mmoja na vipimo vyake, alivyovichukua mwenyewe kwa tepu. Anataka marinda kumi na mawili kwanza, ya waimbaji wa sauti ya pili, ndipo mengine yafuate. Na ana sharti moja, anasema akigonga karatasi kwa kidole: jina likae mbele, namba zifuate.

Kwa malipo ya shilingi 450 kwa kila rinda, hayo kumi na mawili yanatosha kumpeleka Linet kwenye kile chumba. Tayari anajua meza ya kukatia itakaa wapi, na Chesang atalala pembe ipi isiyofikiwa na mvua. Daftari jekundu atalifunga kwa kamba mlangoni, mtu yeyote apite anakili.

"Kalamu atakuja na yake," anasema. "Na nitaandika pale juu kabisa: kikikubana, rudi."

Ana mpango pia wa kufika Kanduyi kabla ya tamasha, auone huo ukuta wa Hesbon kwa macho yake, na awapime wale akina mama tena, mmoja mmoja.

Saa nane kasoro robo. Kola ya rinda imejikunja kidogo kwa ile sauti, na Linet hapendi mteja aondoke hivyo. Mama Nelima amelivua, amevaa nguo zake, akatoka kunyoosha miguu. Linet anaishika pasi, anagonga ukuta wa mabati mara mbili.

"Ian, mko kona?"

"Tuko kona, mama Chesang," Ian anajibu, na sauti yake ina kicheko ndani. "Ngoja sana. Mama Nelima ndiye anaendesha."

Linet anaiweka pasi chini na kungoja.