Makubadhi ya Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa naelekea Korogwe, nikamwomba dereva asimame kabla ya daraja. Mto Pangani ulikuwa umejaa, mwekundu kwa udongo wa milimani, na lile jiwe pana la kunawia bado lipo. Nilikaa juu yake, mtu mzima mimi, nikalia kidogo. Ngoja nikusimulie.

Sisi watu wa Misima hatukuvaa viatu njiani. Vumbi la Handeni lingevimaliza! Ulivifunga kwenye kanga, ukifika mtoni unanawa miguu, ndipo unavivaa uingie mjini kama watu. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilichaguliwa kwenda darasa la tano, shule ya bweni Korogwe, na mwalimu wetu alishamwonya bibi aliyenilea: asiye na viatu hapokelewi. Bibi akauza mbuzi wake, nikapata raba nyeupe.

Bibi akanisindikiza, na pale jiweni nilikuwa nimeukodolea macho mji: maduka ya zamani yenye mabati mekundu, moshi wa garimoshi, na Usambara imesimama nyuma yake. Nikazipiga teke raba zilizokuwa kando yangu bila kuangalia. Raba moja ikaenda na maji.

Nililia nikijua shule imekwisha. Bibi aliitazama ikielea, akacheka. "Haya, mto nao umeanza shule!" Kisha akavua makubadhi yake ya Idi, akanifunga miguuni kwa kamba ya katani yasinitoke.

Njiani, naona aibu kusema, nilitangulia hatua kadhaa ili watu wasijue niko na kizee anayetembea peku. Hakuniita. Shuleni mwalimu mkuu akamtazama miguu.

"Shikamoo, mama. Viatu vyako viko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijaitwa shule. Aliyeitwa anavyo."

Likizo ilipofika niliikuta raba iliyobaki imening'inia juu ya meko, imejaa mbegu za kunde. Kunde zake tulizila miaka mingi, tamu, na nazi kidogo. Idi ya mwaka ule bibi alitembea peku.

Siku hizi hakuna anayenawa pale, watu wanafika wamevaa tayari. Mimi nimesoma, nimefundisha, nimestaafu, yote kwa makubadhi yale, na asante sikuwahi kuitamka akaisikia. Basi nilivua viatu, nikanawa, nikavuka daraja peku. Safari hii sikutangulia. Nilitembea polepole, mwendo wa bibi.