Waliokuja Kutushukuru na Chupa ya Chai

Tangu mama apigwe na kiharusi, chai nyepesi imekuwa hatari kwake. Muuguzi alinieleza kwamba koo lake limelegea, na kitu chochote kinachotiririka kama maji kinaweza kuingia mapafuni badala ya tumboni. Kwa hiyo kila anachokunywa nakikoroga na unga mpaka kiwe kizito kama uji. Mama, aliyechuma majani chai maisha yake yote, anakiita chakula cha ndama.

Nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani, karibu na Litein, kungoja kazi. Kazi niliyoipata ni hii. Namwosha, namgeuza, namkata kucha. Majirani hawaiiti kazi. "Bado uko tu nyumbani?" huniuliza wakipeleka majani chai kupimwa, nami nashinda mchana mzima nikilichambua hilo neno "tu". Wengine hunong'ona kwamba ni aibu mwanamume aliyetahiriwa kumwosha mama yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuja kumwosha badala yangu.

Halafu kanisa likaamua kwamba wanaotunza wagonjwa nyumbani watambuliwe. Jumapili moja baada ya ibada wakaja akina mama wa kanisa. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wao, mwanamke anayeongea na mtu mmoja kama anayehutubia uwanja. Walileta mkate, sukari, chupa kubwa ya chai ya maziwa, na leso mpya. Dada yangu, aliyeolewa Bomet, ambaye huonekana kwetu anaposikia kuna wageni, alikuwa amewasili asubuhi.

Mwenyekiti akamfunga dada leso kiunoni. "Asante binti yetu kwa kumtunza mama."

"Ni Mungu tu, mama," dada akasema, akiinamisha kichwa.

"Na huyu kijana?"

"Huyu ni ndugu yangu. Hunisaidia kuteka maji."

Leso sikuihitaji. Lakini nilikaa pale nikiwaza kwamba siku waliyoinunua walikuwa wameshaamua mlezi ni nani, bila hata kubisha hodi. Hivyo ndivyo wanavyotambua.

Kisha chai ikamiminwa. Kwetu huwezi kunywa chai huku mzee wa nyumba amekaa mikono mitupu; hayo ni matusi. Nilijua, ndiyo maana nilikuwa nimemtengenezea mama kikombe chake kizito mapema. Mwenyekiti akakiinua, akakichungulia, akacheka.

"Hii ni nini? Mnamlisha gundi?"

Akajaza kikombe kingine kutoka kwenye chupa, akakipuliza. Mwenzake akainua simu apige picha.

"Mama, hapana," nikasema. "Chai nyepesi itampalia."

"Weri, kijana wewe, nimelea watoto wanane. Wewe ndiye utanifundisha chai?"

Wakacheka wote, na dada akacheka nao. Nilianza kutafuta sentensi yenye adabu ya kutosha. Kila niliyoipata ilianza na "samahani", na sikuona ni kosa gani naliombea samahani. Nilipokuwa bado nachagua, mama alifungua mdomo, akanywa.

Akakohoa mara moja, kisha sauti ikapotea. Uso wake ukabadilika rangi. Wale akina mama wakasimama, wakaanza kuomba kwa sauti, na mwenyekiti akamwekea kiganja kwenye paji la uso akikisukuma kichwa nyuma.

"Msirudishe kichwa!"

Nikamsukuma mwenyekiti, nikamwinamisha mama juu ya mkono wangu. Chai ikamtoka mdomoni na puani. Akavuta pumzi.

"Umesoma, lakini hujafunzwa," mwenyekiti akasema. "Umenisukuma mimi?"

"Nimekusukuma, mama. Ukimpa tena, nitakusukuma tena."

Wakaondoka bila sala ya kufunga. Chupa yao waliikumbuka. Dada aliwasindikiza hadi barabarani, akiniombea msamaha niliokuwa sijauomba, leso bado kiunoni.

Nikaweka sikio kwenye mgongo wa mama. Nilisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijishawishi kuwa nasikia maji, kisha kwamba sisikii. Kifua kilikuwa kimetulia. Nikachukua kijiko nikampa chai yake nzito.

Aliishika mdomoni, akanitazama, akaitema juu ya shati nililokuwa nimelipiga pasi ili nishukuriwe.

"Ya wageni," akasema kwa ulimi wake mzito, "ilikuwa tamu."

Nikachota kijiko kingine.