Taa Niliyoizima Mwenyewe

Gari langu la kwanza nililinunua mwaka wa nne wa kufundisha Kibondo. Lilikuwa gari dogo, limeshapita mikono mitatu kabla ya yangu, na kila Jumapili nililiosha mpaka majirani wakanicheka. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, mgeni kutoka Iringa, na sioni haya kusema kwamba lile gari lilinipa heshima niliyokuwa naitamani. Haya yangu iko kwingine.

Miezi michache baadaye ikaanza kuwaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ile ya maji ya rejeta. Nikasimama, nikafungua boneti, nikakuta tangi dogo la maji limejaa hadi kwenye alama. Nikaondoka, taa ikawaka tena. Ikawa hivyo wiki nzima. Fundi wa pale Kibondo akaniambia maji hayana tatizo. Iliyokufa ni sensa, kile kidude kinachokaa chini ya tangi na kupeleka habari kwenye dashibodi maji yakipungua. Akasema niagize nyingine Dar. Nikasema nitaagiza.

Sikuagiza. Jioni moja nilichomoa soketi ya sensa, nikaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, nikazungushia tepu nyeusi. Taa ikazimika. Mwezi ule ule nilikuwa nafundisha saketi kidato cha pili, na nakumbuka nilivyojipongeza.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa historia, dada mmoja mzaliwa wa Kagerankanda, upande wa Kasulu. Leseni yake ya udereva ilikuwa bado mpya. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho Kibondo, na siku ya kuruhusiwa walimsisitizia asikae kwenye vumbi wala moshi. Yule dada akaja mezani kwangu.

"Kaka, sipendi kumpandisha mama basi na jicho lile. Naomba uniazime gari Jumamosi. Jumapili nakurudishia."

Nilifurahi kuombwa. Nikampa ufunguo palepale, walimu wengine wakiona.

"Kuna kitu cha kuangalia?" akauliza. "Maana mimi barabarani bado mgeni."

"Hakuna. Ukiona taa nyekundu imewaka, simama. Isipowaka, wewe nenda tu."

Maneno yangu ndiyo hayo. Ule waya nilikuwa nimeusahau, au nilijifanya nimeusahau. Hata leo nikijihoji sipati jibu la kuniridhisha.

Jumamosi mchana akanipigia simu. Nilisikia mvua nyuma ya sauti yake.

"Kaka, gari limezimika. Tumeshapita Makere, hatujafika Kasulu. Mvuke unatoka mbele. Taa haikuwaka, nakuapia, nilikuwa naiangalia muda wote!"

Nikamwuliza mama yuko wapi. Watu wa nyumba ya jirani na barabara walikuwa wamemkaribisha asinyeshewe, lakini nyumba yenyewe ilikuwa inavuja, pakavu palikuwa jikoni tu. Mama alikaa karibu na mafiga kwa muda wa saa tatu, amejifunika kanga usoni, mpaka lilipopatikana gari la kuwavuta hadi Kasulu.

Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yamemwagika. Injini ikaendelea kuzunguka kavu hadi gasketi ya silinda hedi ikaungua.

Jumatatu asubuhi, kwenye kikao cha walimu, yule dada akasimama bila kuombwa. "Nimemharibia mwenzetu gari," alisema, "na hakunitamkia hata neno moja baya. Nataka mjue tuna mtu wa namna gani hapa." Walimu wakapiga makofi. Mkuu wa shule akasema watu wenye moyo kama huo siku hizi ni wachache. Mimi niliangalia meza. Wakadhani ni unyenyekevu.

Jumatano akaja nyumbani kwangu na dumu la asali. Akasema mama yake ameituma kutoka Kagerankanda, na amesema nisimchukie binti yake, ni mzembe tangu utotoni.

"Jicho lake linaendeleaje?" nikauliza.

"Limevimba kidogo. Tumerudishwa hospitali, wamempa dawa ya matone." Kisha akaongeza haraka, "Lakini hilo si lako, kaka. Ni langu."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, na yeye alikuwa ananitazama kwa shukrani. Nikapokea dumu. Nikasema ahsante. Jioni ile nilipaka ile asali kwenye mkate.

Sensa mpya, ambayo sasa nilikuwa nimeiagiza, ilifika kutoka Dar wiki iliyofuata, na Jumamosi tukaenda Kasulu kuchukua gari. Alisisitiza tufuatane. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, hana maneno mengi. Hedi alikuwa ameshaifunga. Akatuita kwenye boneti, akainua ile soketi kwa vidole viwili.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi sikugusa kitu," yule dada akawahi kusema, kwa woga.

"Labda yule aliyeniuzia," nikasema mimi.

Fundi akaibonyeza tepu kwa dole gumba, dole likanata, akalinyanyua polepole. "Gundi bado mbichi," akasema. Aliniwekea sensa mpya kiganjani, akanipa na koleo. "Haya, mwalimu. Funga mwenyewe."

Nikakata ule waya, nikasafisha ncha za nyaya na kuzirudisha kwenye soketi yake. Maji tulikuwa tumeshayatoa, injini imepoa. Nikaizungusha sensa ya zamani robo mzunguko, ikatoka na ute wa kutu. Nikaipaka maji raba ya ile mpya, nikaisukuma mahali pake hadi ikalia ta! Yule dada alikuwa ameinama pembeni yangu, anafuatilia kama mwanafunzi.

"Hii kazi yake ni nini hasa?"

"Maji yakishuka, inawasha taa."

"Kwa hiyo siku ile taa ingewaka."

"Ingewaka."

"Na mimi ningesimama."

"Ndiyo."

Akauliza taratibu, "Mbona haikuwaka?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimeinamia injini, kwa sababu nilishindwa kuinuka. Nilipomaliza hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwalimu, mama yangu anaamini nilikuwa sitazami. Twende ukamwambie."

Nikajaza maji, nikawasha gari, taa ikawaka kidogo na kuzimika yenyewe, kama inavyotakiwa. Tukaenda Kagerankanda.

Kiswahili cha mama yake kilikuwa kidogo, hivyo nilizungumza mimi, na yule dada akatafsiri kwa Kiha. Hakupunguza makali ya neno hata moja. Kikao, makofi, uongo wa gereji, vyote alivitaja. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, jicho moja limefunikwa. Alinisogeza karibu ili anione kwa jicho lililobaki, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili:

"Asali ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri, mama."

Akageuza uso, akamwambia binti yake kitu kwa Kiha. Nilimwomba anitafsirie. Akasema hakuna cha kutafsiri.

Jumatatu nilisimama kwenye kikao nikawaeleza walimu wote. Mmoja alicheka akidhani natania, halafu akaacha. Mkuu wa shule akakohoa, akaendelea na ratiba ya mitihani. Yule dada alikuwa anasahihisha madaftari na hakuinua kichwa.

Bado tunafundisha shule moja. Salamu ananipa, na tukiwa zamu pamoja tunapeana kazi bila shida. Jicho la mama yake lilipona kabla ya masika kwisha. Habari hiyo niliisikia kwa mlinzi wa shule, tena siku nyingi baada ya watu wote kuijua.